Mkanyaga Kabichi wa Bustani za Relini

Ukitaka kujua hali ya dunia, achana na redio. Nenda Bustani za Relini, kule mji wa Krosno unakoishia, asubuhi ya Oktoba, majani ya mijozi yanapukutika na umande ungali umelala juu ya kabichi, ukasimame kwenye ua wa Bronisława Kuliś. Watu wote humwita Bronka. Hapo utaambiwa mvua itaingia saa ngapi, presha ya nani imepanda, binti wa nani kajifungua huko Ireland, na kwa nini vitunguu saumu vya mwenzako havitaota hata akivipigia magoti.

"Shoga, umeamkaje?" huanza Bi Otylia, jirani wa upande wa kulia.

"Nimeamka. Kwa umri wetu hiyo peke yake ni habari."

"Lete mkono nikupime."

Maana Bi Otylia hutembea na kipimo cha presha ndani ya kapu, pamoja na kisu na majani ya supu, na hapiti mtu njia ile bila kufungwa mkono. Hata tarishi alishapimwa. Upande wa kushoto yuko Bwana Ksawery, mchimba makaburi mstaafu, mrefu, mwenye uso wa matanga. Huyu kila siku ana ugonjwa. Leo figo, kesho ini, keshokutwa kitu ambacho madaktari hawajakipa jina. Amekwisha kuwazika madaktari wake wawili, na bado anawalalamikia.

"Hali yako, Bwana Ksawery?"

"Nakwenda hivyo hivyo, Bi Bronka. Krismasi sifiki."

"Mwaka jana pia hukufika, na pierogi zangu za kabichi ulizila sahani mbili."

Hao ndio majirani. Mtu akikaa nao mwaka mmoja hataki tena kuishi pengine, na asiyeamini akajaribu.

Bronka mwenyewe alizaliwa shamba, akaja mjini angali msichana, akafunga glasi kwa majani makavu katika kiwanda cha vioo mpaka alipostaafu. Kile kiwanja walikipata yeye na mumewe Leszek wakati mimba ya binti yao Iwona ilikuwa imeshakuwa kubwa, na ardhi yenyewe ilikuwa kokoto na masizi ya treni. Walibeba samadi ya farasi kwa baiskeli, watu wakiziba pua njia nzima. Leszek alipofariki, wengi walidhani mjane ataiachia ile bustani iote magugu. Thubutu! Wiki hiyo hiyo alivaa viatu vya mpira juu ya soksi za msiba, akapanda viazi.

"Nyumbani nalia," alisema. "Bustanini sina nafasi hiyo."

Lakini kilichompa Bronka jina hasa ni miguu yake. Kila mwaka, baridi ya kwanza ikishagandisha umande, watu wa njia ile hukusanya kabichi zao, huzikata nyembamba kwa ubao wenye visu, huzichanganya na karoti, chumvi na kisibiti, kisha huzishindilia ndani ya pipa moja la mwaloni zichachuke hadi Krismasi. Nusu ya chini hutwangwa kwa mchi. Nusu ya juu hukanyagwa kwa miguu mitupu. Siku hizi huko mjini watu wananunua ya dukani iliyotiwa siki, na wakisikia habari za miguu wanakunja pua. Shauri yao! Mchi unaiponda kabichi. Mguu unaibembeleza mpaka itoe maji yenyewe. Na mkanyagaji alikuwa mmoja tu. Bronka alirithi kazi hiyo kwa mama mkwe wake, na tangu hapo hakuna mwingine aliyeingia pipani. Anaosha miguu kwa maji ya moto na sabuni ya kijivu mbele ya mashahidi, Bi Otylia anakagua mpaka katikati ya vidole, ndipo anapanda, na kazi ikianza habari za mtaa zinamtoka mdomoni kwa mwendo ule ule wa miguu.

Basi Januari iliyopita Bronka akaanguka. Alikuwa amekwenda bustanini kuwamwagia ndege mbegu. Chini ya theluji kulikuwa na barafu, mguu ukateleza, nyonga ikavunjika. Simu ilikuwa kibandani. Alilala pale chini, akaita, akaita tena, mpaka sauti ikaisha. Aliyemkuta ni Bwana Ksawery, aliyekuja kutazama kama panya wamezifikia karoti zake, na ndiye aliyemfunika kwa koti lake na kumsemesha mpaka gari la wagonjwa likafika.

"Usilale, Bi Bronka," alimwambia. "Mimi nimestaafu. Usinitafutie kazi."

Hospitali walimtia nyonga ya chuma. Iwona, mwanawe wa pekee, anayekaa dirishani posta akiuza stempu, aliomba likizo akamuuguza mama yake: alimwogesha, alimvisha soksi, alimshika mkono kila alipokwenda msalani, majira yote ya kuchipua. Na katika kuuguza huko akakata shauri. Bustani basi. Hakupiga kelele, angepiga kelele Bronka angemmudu. Alisema kwa upole, na upole wa Iwona ni ukuta. Kulikuwa na mwenzake wa kazini, Malwina, mwenye mume na mtoto mchanga, aliyekuwa akitafuta kiwanja. Iwona alimwambia asubiri. Oktoba ikiisha, atakipata.

Bronka alibishana mpaka koo likamkauka, isisaidie kitu. Ndipo siku moja ya Septemba, wakati wa kupika jamu ya plamu, moshi umetanda bustani nzima na Iwona amekuja kurudia maneno yale yale, Bronka akaweka mwiko chini. Bi Otylia yuko pale, Bwana Ksawery yuko pale.

"Sikiliza, mwanangu. Siku ya kabichi nitaingia pipani kwa miguu yangu. Bila gongo, bila kushikwa na mtu. Nitakanyaga mpaka pipa lijae. Nikishindwa, wape hao watoto bustani, na mimi mwenyewe nitawaonyesha bomba lilipo. Nikiweza, neno hili lisitajwe tena mbele yangu."

"Mama, una hakika?"

"Nina chuma nyongani. Unataka hakika gani tena?"

Iwona akalitazama gongo lililoegemea mti, akamtazama mama yake, akatoa mkono. Aliutoa upesi, upesi mno kwa mtu anayeshindania kitu kikubwa, lakini Bronka kwa furaha hakuliona hilo.

Kuanzia hapo, mwanamke akawa hashikiki. Kila asubuhi anateremka kwenye basi na gongo lake, Bwana Ksawery ameshamkusanyia lundo la majani ya mjozi, naye anasimama juu yake na kukanyaga. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Bi Otylia anampima kabla na baada. Mwanzoni jasho lilimtoka kama anapanda mlima, na njiani kurudi alishika kila nguzo ya ua. Halafu siku moja akaliacha gongo mlangoni pa kibanda, akaenda mpaka bombani na kurudi bila hilo, ndoo mkononi. Watu wakapiga makofi kutoka bustani za mbali, wengine hata hawakujua wanapigia nini.

"Mbona Bi Bronka anatembea kama askari wa gwaride?" aliuliza mpita njia.

"Anajiandaa na kabichi," Bwana Ksawery akamjibu. "Na mimi ini linaniuma, hujauliza."

Mambo yakawa mazuri hivyo mpaka siku ya kulitoa pipa. Pipa la mbao likikaa kavu mbao zake huachana, kwa hiyo hutolewa mapema likaloweshwa. Wakalivingirisha, wakalisimamisha kwenye majani, wakalijaza maji. Bronka akaja kwa mikogo, akaweka kiganja juu ya mdomo wa pipa. Mdomo ulimfika mbavuni.

"Mwaka jana nilipandaje humu?" akauliza taratibu.

"Ulipanda kigoda, shoga, ukarusha mguu kama msichana wa miaka kumi na minane."

Bronka akaleta kigoda, akasimama juu yake na kuuinua mguu. Goti likaja, likaja, likafika pale ambapo daktari alisema lisipite, na hapo likagoma lenyewe. Bado sana kuufikia mdomo wa pipa. Akajaribu tena, uso umemwiva. Wapi! Wiki zote zile za kukanyaga majani, na kumbe shida haikuwa kukanyaga. Ilikuwa kuingia.

Ndipo akakumbuka ule mkono ulivyotolewa upesi.

"Kumbe alijua!" akasema. "Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Alijua tangu siku ile!"

"Tukubebe kwapani," Bwana Ksawery akashauri. "Mimi huku, Bi Otylia kule. Nimebeba wazito kuliko wewe, na hakuna aliyelalamika."

"Nimesema bila kushikwa na mtu."

"Ulimi wako huo, Bi Bronka."

"Naujua."

Akaingia kibandani, akakaa kwenye kile kiti kirefu alichopewa na hospitali, akalia. Nisikufiche, alilia kwa kwikwi kama mtoto aliyenyang'anywa. Alijiona amekaa dirishani kule nyumbani, ghorofa ya tatu, mikono safi, kucha safi, akiangalia treni zikipita kuelekea kwenye bustani za watu. Bi Otylia akamfuata na chai ya sharubati ya raspiberi, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakutaka kumpima presha.

"Sikiogopi kifo, mwenzangu," Bronka akamwambia. "Kile nilikiona Januari pale kwenye barafu, na kilinichosha tu. Ninachoogopa ni kukaa."

Kesho yake mbingu zilikuwa nyeupe na upepo ulitoka mashariki. Kila mtu alijua maana yake: siku mbili tatu hivi baridi ya kugandisha itafika, na kabichi haitangoja. Bronka alikuja bustanini, lakini majani hakuyakanyaga. Alisimama tu kwenye ua wa kushoto akimtazama Bwana Ksawery akizika karoti. Ndivyo wafanyavyo wote pale: shimo, mchanga, karoti, majani makavu, udongo juu, na Februari unazifukua zimekaa kama ulizing'oa jana. Bwana Ksawery alikuwa ndani ya shimo mpaka magotini.

"Bwana Ksawery."

"Naam. Leo ni kibofu."

"Sikukuuliza kibofu. Shimo hilo unaweza kulichimba kubwa zaidi?"

Mzee akanyooka polepole. "Unamuuliza nani, Bi Bronka? Mimi?"

"La kutosha pipa. Lizame mpaka mdomo wake uwe sawa na majani."

Bi Otylia, aliyekuwa ng'ambo akikata majani ya supu, akaacha kisu akaja mbio. Bronka alikuwa amebadilika uso. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililozibuliwa.

"Kupanda siwezi, sawa. Lakini kushuka? Ghorofa ya tatu nashuka kila siku ya Mungu! Yule bwana wa mazoezi alinifundisha: kushuka, mguu mbovu mbele, kupanda, mguu mzima mbele. Mkitwanga nusu ya chini kama kawaida, mkaniwekea ndani kreti la matofaa lililooshwa, hiyo ni ngazi. Nashuka daraja moja, la pili, niko juu ya kabichi. Kreti mnalitoa. Basi."

"Na kutoka?" Bi Otylia akauliza. "Watu husema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wewe utaicheza ngoma hiyo kinyume: kushuka rahisi, kupanda nani atakupandisha?"

"Kabichi! Kila beseni mtakalomwaga, nami napanda. Pipa likijaa nimefika juu. Natoka kama mtu anavyotoka sebuleni kwake."

Halafu Bwana Ksawery akatoka kwenye shimo la karoti, akapangusa mikono, akaenda kibandani kwake kuchukua jembe lake la kazi, lile la zamani lenye mpini uliong'arishwa na viganja. Kibofu hakikutajwa tena siku hiyo. Alipima upana wa pipa kwa kamba, akachora duara kwenye bustani ya Bronka, akachimba tangu asubuhi mpaka mchana bila kutaka msaada wa mtu, na aliyesogea karibu na ukingo alifukuzwa kama kuku. Kuta za lile shimo zilikuwa laini kama zimekatwa kwa kisu. Pipa liliposhushwa kwa kamba, likaingia likakaa, na kati ya mbao na udongo usingepitisha hata kijiko.

"Hiyo ndiyo kazi," akasema, ameegemea jembe, uso wa matanga umechangamka. "Akishaingia hatikisiki."

Jumamosi ikaamka nyeupe. Sakitu ilikuwa imelala juu ya kila jani, na kabichi zilipokatwa zilivunjika kwa mlio, tamu hata mbichi. Watu wa njia nzima walikuja na mabeseni. Nusu ya chini ikatwangwa. Maji ya moto yakaletwa, sabuni ya kijivu ikaletwa, Bronka akaosha miguu, Bi Otylia akavaa miwani akakagua kidole kimoja kimoja.

"Safi. Ila kucha hii ya mwisho, shoga, ungeikata vizuri zaidi."

"Ikate wewe, mimi nyonga hairuhusu."

Watu wakacheka, na katika kicheko hicho Iwona akaingia langoni. Alivaa koti lake la posta. Akasalimia mmoja mmoja, akatazama huku na huku.

"Pipa liko wapi?"

Wote wakaonyesha chini. Iwona akasogea, akaona mdomo wa pipa umelingana na majani, na ndani yake kreti la matofaa. Akasimama hapo akitazama, na rangi ikampanda usoni.

"Hii ni hila, mama."

"Na kunipa mkono ukijua siwezi kupanda, hiyo nayo iitwe nini?"

Iwona akafunga vifungo vya koti lake.

"Nilisema nitaingia kwa miguu yangu," Bronka akaendelea. "Bila gongo, bila kushikwa na mtu. Kama ulitaka pipa likae mezani, ungesema siku ile ya plamu. Mashahidi hawa hapa."

"Kweli alisema," Bwana Ksawery akadakia. "Mimi hapa, na presha yangu imepanda kwa kusubiri."

"Haya," Iwona akasema, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kifuani. "Tuone."

Bronka akasogea ukingoni, miguu mitupu juu ya taulo safi lililotandikwa kwenye nyasi zenye sakitu. Bwana Ksawery, kwa mazoea, akamsogezea bega.

"Bega hilo si gongo?" Iwona akauliza.

Mzee akarudi nyuma kama ameungua. Bronka akabaki peke yake. Akatazama chini. Kutoka pale juu halikuwa pipa tena, lilikuwa shimo, na mara ya mwisho ardhi hii ilipomvuta chini haikumwachia upesi. Akavuta pumzi. Mguu mbovu mbele. Ukateremka, ukagusa kreti, kreti likatikisika. Likatulia. Mguu mzima ukafuata. Mguu mbovu tena, ukagusa kabichi, baridi yake ikampanda mpaka kwenye meno, na mguu wa mwisho ukafika. Bronka Kuliś alikuwa ndani ya pipa, mdomo wa pipa ukimfika mapajani, na akanyanyua mikono yote miwili juu ionekane kuwa ni mitupu.

"Toeni kreti! Leteni kabichi!"

Kelele iliyopigwa pale iliwarusha kunguru wote wa reli. Na kazi ikaanza. Beseni likamwagwa, chumvi, kisibiti, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Na habari nazo zikaanza, maana Bronka hajui kukanyaga kimya. Mjukuu wa Otylia huko Ireland kaota jino. Fundi wa mabomba kasema maji ya bustani yatafungwa wiki ijayo, kila mtu amwage matangi yake. Majira ya baridi yatakuwa marefu, kwa sababu vitunguu mwaka huu vimevaa maganda mengi. Bwana Ksawery akaeleza usaha aliodhani anao sikioni, akaambiwa anyamaze mbele ya chakula. Povu la maji ya kabichi likapanda kati ya vidole vya Bronka, na beseni kwa beseni naye akapanda: mapaja yakatokeza, magoti yakatokeza.

Kisha akasimama.

Hakuna aliyemwambia mwenzake, lakini mabeseni yote yalisimama pamoja naye. Midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe. Mkono mmoja ulishika nyonga.

Iwona alikuwa ameshainuka. "Inatosha, mama. Toka. Umeonyesha."

"Itatosha pipa likijaa."

"Kwa nini unanifanyia hivi?" Upole wote ulikuwa umemwisha Iwona, alisema kwa sauti, mbele ya watu, machozi yanamtoka. "Unajua mimi simu ikilia kazini ninafanyaje? Mikono inakufa! Kila simu najua ni wao, wananiambia wamekukuta chini. Nguo zile za Januari nilikabidhiwa mimi hospitali, zilikuwa zimeganda, mama, zimesimama zenyewe! Mimi sina mtu mwingine. Sina!"

Bronka alimtazama mwanawe kwa muda, na yale maneno makali aliyokuwa ameyaandaa tangu Septemba yakamtoka kichwani yote.

"Mwanangu," akasema, "mimi pia naogopa. Pale kwenye barafu niliogopa mpaka nikakuita wewe, na wewe uko mjini. Sikukuambia. Lakini Iwona, ukinikalisha dirishani sitaanguka, ni kweli. Sitafanya kitu kingine chochote pia. Utakuwa na mama mzima asiye na kazi ya uhai wake. Huyo unamtaka? Maana mimi simtaki."

Iwona akapangusa uso kwa mkono wa koti la posta. Akasimama hivyo, akivuta makamasi kama alipokuwa mdogo.

"Inauma sana?" akauliza.

"Inauma. Lakini ni uchungu wa kuchoka, si wa kuvunjika. Ninaujua ule wa kuvunjika."

Hapo Iwona akafanya jambo ambalo watu wa Bustani za Relini wanalisimulia mpaka leo. Alivua koti, akakunja mikono ya blauzi, akachukua beseni lililojaa kabichi kutoka mikononi mwa Bi Otylia, akalipeleka mwenyewe kwenye pipa na kulimwaga miguuni pa mama yake.

"Basi kanyaga," akasema. "Kanyaga tumalize, kuna baridi."

Na Bronka akakanyaga! Alikanyaga kama anayeikanyaga Januari yenyewe. Iwona akimwaga, yeye akishindilia, Bwana Ksawery akitia chumvi kwa vidole virefu, Bi Otylia akiimba kwa mwendo wa hatua, na yule mwanamke akazidi kupanda juu ya kabichi yake mpaka visigino vikalingana na mdomo wa pipa, vikalingana na nyasi. Hakuwa na daraja la kupanda wala kigingi cha kushika. Alipiga hatua moja ya kawaida, kama anayevuka kizingiti, akasimama kwenye majani mbele ya watu wote, miguu myekundu inatoa mvuke, na pipa nyuma yake limejaa pomoni.

Sitaeleza vigelegele. Jazeni wenyewe. Bwana Ksawery alilia waziwazi, akisingizia kitunguu, na kitunguu hapakuwa na hata kimoja.

Baada ya mkate na mafuta ya nguruwe na matango ya chumvi, wanaume wakakunja mikono ya mashati kulitoa pipa walipeleke kibandani, linapokaa kila mwaka. Wakashika, wakavuta. Halikusogea hata unywele. Wakaleta kamba, wakatafuta pa kuipitishia kati ya mbao na udongo: hapakuwa na nafasi ya uzi. Wakavuta tena, mmoja akakaa kitako kwenye kisibiti. Taratibu, nyuso zote zikamgeukia Bwana Ksawery.

"Mnanitazama nini?" akasema, amekasirika kweli. "Nimechimba maisha yangu yote. Hakuna mtu hata siku moja aliyeniambia kinachoingia kitatoka!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Iwona. Alicheka akashika tumbo, akashika mti, akakaa chini kwenye nyasi, akacheka mpaka akabaki hoi, na Bronka akimtazama akajiambia kuwa hajamsikia mwanawe akicheka hivyo tangu mwaka jana. Ikakubaliwa kwamba pipa litabaki palepale, lifunikwe mbao, mawe na majani, na kabichi italiwa humo humo bustanini.

"Lazima itobolewe kwa kijiti kila siku, itoe hewa," Bi Otylia akakumbusha. "Wiki zote za mwanzo. Isipotobolewa itakuwa chungu. Nani atakuja?"

"Mimi," akasema Bronka.

"Sisi," akasema Iwona. "Asubuhi, kabla sijaingia kazini. Barafu ikianza, njiani unanishika mkono, na simu inakaa mfukoni mwako, si kibandani. Hilo sibishani nawe."

Bronka alikuwa na jibu, kama kawaida yake. Akalimeza.

Ndipo Iwona akatoa simu yake mfukoni, akasimama pale pale kando ya pipa, kila mtu akisikia, akabonyeza.

"Halo, Malwina? Ndiyo, ni mimi. Sikiliza, nisamehe sana, nilikusubirisha bure. Bustani haitolewi. Hapana, si mwezi ujao wala mwakani. Mwenyewe yupo." Akamtazama mama yake, aliyesimama miguu mitupu kwenye nyasi za baridi akigombana na Bwana Ksawery juu ya mawe yapi ni mazito zaidi. "Mzima, ndiyo. Mzima kabisa. Hizo kelele unazosikia ni zake."

Akazima simu, akaokota soksi za sufu zilizokuwa juu ya ndoo, akamwendea.

"Mama. Vaa soksi."